Mwenyeji Aliyenisindikiza hadi Flemingdon

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, nikishaanza usinikatize. Haya hayakumpata jirani yangu wala shoga wa shoga yangu. Yalinipata mimi, mchana, sina homa, sijanywa kitu, hapa hapa Toronto.

Mama yangu alifariki Morogoro mwezi wa kumi. Karatasi zangu zilikuwa bado ziko uhamiaji. Ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi, na binti yangu Neema anasoma hapa. Kwa hiyo mama alizikwa nikitazama kwenye simu, picha inakatikakatika. Sikulia. Watu wa kanisani walikuja, wakaimba, wakalia wao, mimi nikawa nagawa chai. Nikarudi kazini, nikafua, nikapika, macho makavu. Nilichotaka ni kumlilia mama yangu tu, kama watoto wa watu wanavyowalilia mama zao. Chozi halikuja. Ndani palikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi.

Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye jengo moja Flemingdon Park, ndiye aliyenitoa nyumbani. "Wacha kukaa kwa nyumba kama gunia ya viazi," aliniambia. "Jumamosi tunaenda park. Utaona miti, utapata hewa." Tukamwacha Neema na binti mkubwa wa Wanjiru, tukapanda basi.

Bustani yenyewe iko ukingoni mwa jiji, basi linapogeuzia. Zamani lilikuwa shamba la walowezi. Wamezihifadhi nyumba zao za magogo na mazizi yao, na kiangazi wafanyakazi huvaa magauni ya kizamani wakiwaonyesha wageni jinsi watu walivyokuwa wakioka mkate. Sasa ilikuwa Novemba. Wanjiru alishindwa na baridi mapema, akaingia kwenye mgahawa wa getini kunywa chai. Mimi nikaendelea kutembea. Baridi nilikuwa naiona tu, siisikii.

Nikafika kwenye nyumba moja ya magogo, moshi unatoka, mlango umerudishwa tu. Sasa niambie, mtu aliyelelewa kwetu anaingiaje nyumba ya watu kimya kimya? Mdomo wenyewe ukasema, "Hodi." Ndani mtu akanikaribisha. Usiniulize kwa lugha gani. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, Mzungu, gauni refu la kijivu, kitambaa kichwani, ameketi karibu na moto. Nikajua ni mfanyakazi wa pale. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri, kama tunavyosema siku zote hata nyumba ikiwa inaungua, halafu nikausikia mdomo wangu unaongeza, "Mama amefariki." Nilikuwa sijawahi kulitamka. Wengine wote walijua bila mimi kuwaambia.

Hakunipa pole. Aliinuka kitini, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wanawake wa kwetu wanavyokaa msibani. Nani alimfundisha? Akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia majina yote, la ubatizo na la ukoo. Akayarudia polepole, kama anayeonja mchuzi. Nikakaa kidogo, nikaaga, naye akatoka kunisindikiza.

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu mgeni haachwi mlangoni, mwenyeji anatoka naye, wanatembea wakiongea, na mgeni ndiye anayesema, "Inatosha, rudi, asante." Usiposema, mwenyeji mwenye adabu hawezi kukuacha njiani. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini niamini, sikusema. Nilikuwa natembea na mtu wa umri wa mama, ananiuliza mama alipenda kula nini, alikuwa akiimba wimbo gani akipepeta mchele. Nilitaka njia isiishe.

Getini Wanjiru alikuwa amesimama na mfanyakazi mmoja wa bustani. Akanishika mikono. "Ulikuwa wapi wewe? Umekuwa barafu!" Nikasema nilikuwa kwenye nyumba ya magogo, naota moto. Yule mfanyakazi akatikisa kichwa. Nyumba zote zimefungwa kwa kufuli tangu majani yaanze kudondoka, alisema, na hakuna moto unaowashwa. Nikageuka. Mwenyeji wangu alikuwa nyuma yangu, mikono ameifumbata kifuani, anasubiri tuendelee. Wale wawili hawakumtazama hata kidogo.

Ungedhani nilipiga kelele? Sikupiga. Hofu nayo ilikuwa imekufa ganzi pamoja na mengine. Neno la kumrudisha lilikuwepo mdomoni, nikalimeza.

Kwenye basi watu walisimama hadi mlangoni, lakini kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. "Si usonge nikae," Wanjiru alisema. "Hiyo nafasi umewekea nani?" Sikusogea. Akasimama njia nzima, amenuna.

Tulipofika, Wanjiru akashuka kwenye ghorofa yake. Mimi nikafungua mlango wangu, nikasogea pembeni, na kwa mazoea tu nikasema, "Karibu ndani." Akaingia.

Tangu hapo yupo. Havunji kitu, hamgusi mtu. Jioni nikiwa napika anakaa chini jikoni, miguu ameinyoosha, anamlilia mama yangu. Anamlilia kwa majina yake yote, anautaja mchele, anautaja wimbo, kilio kile cha kwetu chenye maneno ndani yake. Neema alikuja akanivuta nguo, akaniuliza kwa Kiingereza chake, yule bibi analia nini? Nikamwambia ana msiba. Akauliza, mbona wewe hulii?

Wanjiru nimemweleza. Anataka tumwite mchungaji aje akemee. "Mtoe huyo! Mgeni gani hana siku ya kuenda?" Nimekataa. Nikimtoa, nani atamlilia mama? Nimejaribu kukaa chini pembeni yake, nikakaa hadi miguu ikafa ganzi. Yeye machozi yanamtiririka hadi shingoni, mimi nawaza kama wali umeiva.

Kwa hiyo wewe, ukitaka kwenda kwenye bustani zile za kizamani, nenda, ni pazuri. Ila mwenyeji usiyemjua akikusindikiza, mshukuru umrudishe mapema. Na msiba ukikukuta ugenini, lia mwenyewe, hata kwa kujilazimisha, hata bafuni bomba likiwa wazi. Usimpe mtu jina la marehemu wako akakulilia. Mimi nilimpa. Jana jioni nimemsikia akiita "mama yangu, mama yangu," na kama ungekuwa umesimama pale mlangoni pa jikoni ukatutazama sote wawili, ungempa pole yeye.