Taarifa ya Fedha Ambazo Hazijafika

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la uhasibu, katika ofisi moja ya serikali huku Karagwe. Mbele yangu alikuwa mama mtu mzima anayelea watoto wenye ulemavu. Ruzuku ya kituo chake imechelewa miezi minne.

"Shikamoo mama," mhasibu alimwamkia. "Umeleta taarifa ya matumizi?"

"Marahaba mwanangu. Matumizi ya fedha gani, wakati hazijafika?"

"Mfumo haupokei ombi bila taarifa. Watoto si wamekula? Andika walichokula."

Nilidhani mama atawaka. Badala yake akatoa daftari kwenye mfuko wake, akalisukuma dirishani. Kila mstari ulikuwa na chakula, jina la jirani aliyekitoa na anakotoka: ndizi mikungu miwili kutoka Rugera, maharage debe moja kutoka Chonyonyo. Mhasibu alishuka na kidole mstari kwa mstari, kisha kidole kikasimama.

"Huyu wa maharage ni mama yangu."

"Ndiyo. Huleta kila tarehe moja. Hajawahi kuchelewa."

Mhasibu akagonga muhuri bila kuinua macho. Mimi nimebaki na swali: siku serikali ikilipa, mama yake atarudishiwa maharage, au naye ataulizwa taarifa?