Mgeni wa Vijumba vya Nyasi

Enzi za Wabelgiji, kila kiangazi mahindi yakishavunwa, watoto wa mtaa wetu pale Kamina walijenga kijiji chao pembeni ya mashamba. Vilikuwa vijumba vya nyasi, wavulana ndio baba, wasichana ndio mama. Moto ulikuwa wa kweli na bukari, ugali wetu, ilipikwa kweli, kitoweo chake panya wa porini. Sheria ilikuwa moja: mwenye nyumba ni yule anayewasha moto asubuhi. Anayechelewa ni mgeni, na mgeni hukaa nje.

Mimi nilikuwa mgeni miaka yote. Baba alikuwa relini tangu alfajiri, mama shambani. Asubuhi zangu ziliishia mtoni, kuopoa mihogo iliyolowekwa, kuimenya na kuianika, mdogo wangu akiwa mgongoni. Alikuwa mzito, tena alipenda kunivuta sikio. Nikifika kijijini kwao jua liko utosini, wameshakula. Niliwaonea kijicho, sifichi. Nilitaka nami niwashe moto wangu.

Kisha surua ikapita mtaani, ikamchukua mdogo wangu. Wanawake walilia. Mimi sikulia, sikuhisi kitu. Niliendelea kutembea nimeinama mbele kidogo, mpaka shangazi akanigusa bega akaniambia ninyooke.

Matanga yalipokwisha, mama aliamka mapema akanipokonya kikapu cha mihogo.

"Enda ucheze na benzako. Kazi nitafanya minyi mwenyewe."

Nilifika kabla ya wote, nikawasha moto. Walipokuja hawakubisha, sheria ni sheria. Msichana mkubwa kuliko sote akanipa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa.

"Sasa nyumba njo ya kwako," akasema. "Mutoto wako njo huyu."

Nikalifunga mgongoni. Nikafagia, nikachota maji, nikasonga bukari. "Baba" wa nyumba alijifanya mlevi akaanguka mlangoni, wote wakacheka mpaka machozi. Mimi nilimwangalia tu, nikingoja ainuke nifagie pale alipolala. Mkono wangu ulikuwa ukienda nyuma kumpandisha mtoto asiteleze, lakini gunzi halikuteleza. Halikuwa na uzito wowote.

Wengine walikuwa bado wanakula nilipolifungua. Nililaza gunzi ndani, mahali moshi usipofika, nikarudi nyumbani kumwuliza mama kama kuna kazi.