Majiko Yasiyo na Masizi

Kamati yetu ya tuzo ya mazingira pale Dodoma ilinituma Kibakwe kwa sababu moja tu: siamini upesi. Kuna kikundi kiliwahi kunionyesha kitalu cha miti, kumbe miche ilinunuliwa jana yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii walioomba ni Neema, mwanafunzi wa chuo, na akina mama wa kijijini kwao wanaojenga majiko banifu ya udongo. Wakishinda, watajenga jiko la shule, ambako watoto bado hubeba kuni kila asubuhi.

Basi lilipopita Ihumwa nilimwuliza jirani yangu wa kiti, mchuuzi wa vitunguu wa Kibakwe, kama anayajua majiko hayo. "Nayasikia," akasema, akageukia dirishani. Jibu hilo halikunipendeza hata kidogo.

Kibakwe, Neema alinipokea stendi. "Shikamoo mzee, karibu sana." Fulana yake ya mradi ilikuwa mpya kabisa. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Nyumbani kwa Mama Yohana, mwenyekiti wa kikundi, jiko lilikuwa laini na safi kama mtungi mpya. Nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Hasira ikanipanda. Tukarudi kwa mwenyekiti.

"Mama, hili limepikiwa lini?"

"Leo asubuhi. Uji."

"Jiko la kila siku halina hata doa la masizi?"

"Mzee, seriously, tunayatumia," Neema akasema.

Mama Yohana alinitazama, kisha akacheka. "Baba, kwetu mgeni akija tunasiriba upya kwa udongo. Ukuta, kibaraza, mpaka jiko. Ulitaka tukupokee na masizi?" Akachukua kisu, akakwangua. Udongo mbichi ukadondoka. Chini yake palikuwa peusi tititi. "Ungesema unataka uchafu, baada ya uji tungepumzika!"

Niliona haya. Lakini tabia haina dawa: niliomba tukwangue na yale mengine mawili. Nayo yalikuwa meusi.

Wakati wa kuondoka nilipewa jogoo. Nikamkataa, kamati hairuhusu zawadi, na Mama Yohana akamrudisha bandani, uso umemshuka. Uso ule uliniuma. Nikaomba kipande cha udongo mweusi wa jikoni kwake, nikakifunga kwenye leso.

Dodoma, kikaoni, mwenyekiti wetu alizitazama picha za kwanza, nilizopiga kabla ya kukwangua. "Haya hayajawahi kuwashwa. Mzee, huko walikuchinjia kuku?"

Wenzangu wakacheka. Mimi niliumia, nikamkumbuka Mama Yohana. Nikafungua leso, nikamwomba mwenyekiti abonyeze kile kipande. Akakitazama kidole chake, akanitazama mimi, kisha akaivuta karatasi ya maombi ya Neema, akasaini. Alama nyeusi ikabaki pembeni ya saini yake.

Bado siamini upesi. Ila siku hizi nikikuta mahali pamesafishwa mno, huuliza kwanza ni nani aliyekuwa akisubiriwa.