Mtani Aliyetufundisha Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kituo cha walimu, Mama Mratibu aliniambia nivue viatu mlangoni. Nilidhani nimeingia msikitini kwa makosa, na mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa. Kumbe ndani mlikuwa na kompyuta, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama makochi ya bwana harusi, maana vumbi la mtaa wetu wa Msamala halibishi hodi.

"Baba Komba," akasema, "utawasha jenereta, utapokea simu, utafagia. Kompyuta usiguse."

"Sitagusa, mama."

Kabla ya hapo nilikuwa mpakizi kwenye ghala la tumbaku Namtumbo. Tumbaku ina mambo yake, nikianza nayo tutalala hapa. Niseme tu kwamba biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na watu wao, sisi tukaambiwa asanteni. Nikarudi kwenye jembe. Mke wangu akawa ananicheka: "Ulizoea kupiga mluzi ukienda kazini, sasa unayapigia mahindi." Kwa hiyo nafasi ile ya kituo cha walimu niliishika kwa mikono miwili. Shule nimeishia darasa la nne. Kazi nyingine ningeipata wapi?

Walimu walikuja pale kujifunza kufundisha kwa kompyuta. Lakini mkufunzi wao hakuwepo. Alikuwa Iringa, na somo lilipita kwenye waya wa simu. Palikuwa na kiboksi kinaitwa modemu: ukikiunganisha na simu kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu kinanyamaza, na maneno ya mbali yanatokea kwenye kioo. Humo ndani kuna ukurasa waliouita ukumbi. Mkufunzi anaweka swali, kila mwalimu anaandika jibu lake, na wote wanaliona.

Swali la kwanza nalikumbuka: utatumiaje kompyuta moja kufundisha watoto themanini? Walimu walilisoma, wakalinakili kwenye madaftari, wakatazamana, wakaenda zao. Hakuna aliyeandika. Likaja swali la pili, nalo likalala.

Mama Mratibu alikuwa mtu wa kaskazini, mwenye haraka. "Hawa walimu wamerogwa?" akauliza.

Aliyemjibu ni Mwalimu Gama, binti wa Lusewa aliyekuja kila wiki juu ya lori la mahindi. "Mama, Mwalimu Luambano hajaandika."

Mwalimu Luambano alikuwa mwalimu mkuu, mzee kuliko wote. Nusu ya walimu mle ndani yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Sasa utamtangulia vipi kusema, tena kwa maneno yanayobaki pale kila mtu anayaona? Na mzee mwenyewe hakutaka wanafunzi wake wa zamani wamwone akitafuta herufi kama kuku anayepekua majivu. Mama akambembeleza. Mzee akasema, "Waanze vijana." Vijana wakasema, "Aanze Mwalimu." Ikawa hivyo.

Siku moja simu ikalia, nikapokea.

"Kamwene!"

Moyo wangu ukacheka. Hiyo ni salamu ya Wahehe, na Wahehe na sisi Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukabaki na ruhusa ya kutukanana bila kukasirika: sisi tunawaita wala mbwa, wao wanatuita wala panya. Hata msibani mtani anamdhihaki marehemu na hakuna wa kumfukuza.

"Mhehe wewe," nikamwambia, "mbwa wamebaki huko, au mmeshawamaliza kwa ugali?"

Alicheka mpaka waya ukakwaruza. Halafu sauti ikashuka. "Mngoni, leo sina utani. Mimi ndiye mkufunzi wenu. Darasa lenu liko kimya, na kuna mji mwingine unaitaka nafasi hiyo. Ijumaa nikiwa sina jibu hata moja, mafunzo yanahama. Nipe Mratibu."

Nikaliona jembe. Nikamwona na Mwalimu Gama kwenye lori lake, anarudi Lusewa mikono mitupu.

"Subiri kwanza," nikasema. "Hawa umewaandikia kama nani?"

"Kama mkufunzi."

"Mkufunzi anaogopwa. Waandikie kama mtani. Na mzee Luambano umtaje kwa jina."

"Akikasirika?"

"Ndicho tunachotaka."

Alhamisi modemu ikalia, ukurasa ukafunguka. Mwalimu Gama akaanza kusoma kwa sauti, akasita, akaziba mdomo. Ilibidi mwingine amalizie: "Mwalimu Luambano, nasikia Wangoni mmeikimbia kompyuta kama babu zenu walivyotukimbia sisi. Hicho kipanya mezani hakiumi. Ila msikikaange."

Mwalimu Luambano akavua koti, akalitundika kwenye kiti. "Nipishe hapo, binti."

Akaketi. Kidole kimoja. Anabonyeza, anapotea, anatafuta.

"Kushoto, mwalimu," Gama akanong'ona.

"Juu kidogo," mwingine akadakia.

"Siyo hiyo, mzee, hiyo hapo pembeni!"

Punde walikuwa wamemzunguka wote wanapiga kelele kama watoto wake wa darasa la kwanza, naye anacheka. Akaandika hivi: "Mhehe, mbwa wako akitoroka utakula nini? Watoto themanini nitawaita kumi kumi. Mmoja abonyeze, tisa wamwonyeshe alipokosea. Ndivyo ninavyofundishwa mimi sasa hivi."

Baada ya hapo viti viligombaniwa. Ijumaa ukumbi ulijaa, na mafunzo hayakwenda popote.

Baada ya Mama yule alikuja Mratibu mwanamume, mtu wa mafaili, akanihamishia stoo. Jenereta likamgomea, Afisa Elimu akaagiza nirudishwe. Nilistaafia pale pale.

Mwalimu Luambano alipofariki, mtani alipanda basi kutoka Iringa. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Aliingia uani, akaomba koti la marehemu, akalivaa, akaketi kando ya kaburi na kipande cha ubao mapajani. Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, ulimi nje, anatafuta herufi, kama nilivyomsimulia kwenye simu.

"Kushoto, mwalimu!" sauti ikatoka upande wa wanawake. Alikuwa Gama, siku hizo mwenyewe mwalimu mkuu. Tulicheka, tukalia, tena tukacheka.

Leo vijana wanaofundisha walimu kwa mtandao huniuliza siri ya kituo chetu. Nawaambia, mkishahakikisha mtandao upo, ulizeni pia mle ndani nani husubiriwa aseme kwanza, na nani ana ruhusa ya kumchokoza.

Juzi mtani kapiga simu. Anasema ameshaanza kuniigiza mimi, mazoezi ya mapema: anavuta kamba ya jenereta, anavuta tena, halafu analipiga teke.

"Umekosea," nikamwambia. "Teke linatangulia. Fanya mazoezi vizuri, sina haraka."