Aliyenivutia Uta

Nyumbani kwetu, kijijini Tulia, kulikuwa na sheria moja ya uta: aliyefunga kitanzi cha kamba havuti kwanza. Anafunga, anampa mwenzake, mwenzake anavuta mpaka shavuni. Kitanzi kikichomoka kwenye ncha, kamba inarudi usoni kama fimbo, na jicho linaweza kwenda nayo. Kwa hivyo ukifunga, unajua umeshika jicho la mtu mwingine. Hapo hufanyi kazi ya haraka-haraka.

Mimi na ndugu yangu mkubwa tulivutiana hivyo tangu ujana. Kisha shamba la baba likawa dogo kwa nyumba mbili. Nikasema mimi naenda kule ng'ambo ya Makindu, kuna pori halijaguswa. Ndugu yangu hakubishana. Alikuwa akichonga mpini wa jembe, hata kichwa hakuinua.

"Nenda. Utarudi kabla mahindi hayajakauka."

"Kwa nini nirudi?"

"Nani atakuvutia uta huko? Digidigi?"

Mke wake akacheka. Nikaondoka na panga, jembe na uta. Shule nilikaa miaka miwili tu, lakini kuchekwa sisahau.

Nikafyeka peke yangu. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku. Treni ya Mombasa ilipopiga honi kwa mbali nilisema, basi, watu wapo. Jioni nilizungumza na jembe. Sioni aibu kulisema.

Mvua ikaja vizuri, mahindi yakabeba. Nyani nao wakaja. Nikiwarushia mawe wanasogea kidogo, wanajikuna, wananitazama kama wenye nyumba wanaongoja mgeni amalize kuongea. Na wakati huohuo kamba ya uta wangu ikakatika. Bila uta mahindi yangeisha, na bila mahindi njia ilikuwa moja, ya kurudi Tulia.

Nilikuwa na mshipa wa mgongo wa ng'ombe, umekauka kama kijiti. Nikauloweka, nikauchana nyuzi, nikazisokota juu ya paja mpaka ngozi ikachubuka, nikapaka nta. Kisha kitanzi. Kitanzi kina kazi mbili zinazogombana: uta ukivutwa kisisogee, ukipumzishwa kitoke kwa kidole kimoja. Unaikunja kamba, unairudisha katikati ya nyuzi zake yenyewe, unairudisha tena, halafu unazungusha uzi mwembamba na kukaza kwa meno. Nilifunga, sikupenda, nikafungua, nikafunga upya.

Halafu nikautundika uta mlangoni. Sikuuvuta. Utasema ni ujinga, hakuna aliyekuwa akinitazama. Lakini mkono huihurumia kazi yake. Ningeuvuta kwa kuubembeleza, kisha siku ya nyani ningeuvuta kwa nguvu nikiwa sijui. Nikangoja mtu. Nyani hawakungoja.

Mwishowe akapita Msomali mmoja akiswaga mbuzi kwenda kuuza Makindu, mrefu, kitambaa kichwani. Nikampa maji. Alipokunywa nikampa uta.

"Vuta."

Akautazama, akanitazama. "Warya," akaniita kwa Kisomali, "nani amefunga?"

"Mimi."

"Na huna mikono?"

"Ninayo."

"Basi vuta wewe."

Nikamweleza sheria ya kwetu. Jicho na yote, sikuficha. Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Kwa hivyo jicho lako ni la mtu, langu ni la mbuzi."

"Kama unaogopa, sema."

"Naogopa, ndiyo. Mimi nina watoto." Akachungulia ndani ya kibanda changu: ngozi moja ya kulalia, sufuria moja. Kicheko kikamwisha. "Wewe huna mtu wa kukuvutia?"

"Sina."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulitoa mdomoni.

Akachukua uta. Akavuta mpaka shavuni, akashikilia, macho yote mawili wazi. Kitanzi hakikusogea hata unywele.

"Kimeshika," akasema, akanirudishia. Akawapigia mbuzi mluzi, akaenda.

Kesho yake nikalipiga mshale dume kubwa la nyani. Waliobaki hawakurudi msimu ule. Nikavuna, nikabaki.

Miaka ilipita. Nilipoezeka nyumba yangu mabati kwa jasho langu mwenyewe, nikauchukua uta uleule nikaenda Tulia kumwonyesha ndugu yangu. Alikuwa ameota mvi. Akakipapasa kitanzi kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Nani alikuvutia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Nilikuwa nimesafiri njia yote ile nikilingoja swali hilo, na sikuwa na jina la kumpa. Siku ile sikumwuliza. Baadaye, kila nilipofika soko la Makindu, nilitazama nyuso za wenye mbuzi, sikumwona.

"Msomali," nikasema. "Alikuwa akipita."

Ndugu yangu hakucheka. Akauvuta uta mpaka shavuni, akaurudisha taratibu, akanipa. Kisha akauliza kama ningelala.

Nikamwambia hapana, nimeacha mahindi hayana mtu.