Kuku Waliohema Kama Marehemu

Andika kama nisemavyo, wala usinipambie maneno.

Babu yako alioshewa uani, hapahapa Mbegani, karibu na banda la kuku, kwa kuwa chumba chetu kilikuwa kidogo na sakafu yake ya saruji haikuchimbika. Desturi yetu ni kuchimba kishimo cha kupokea maji ya kumwosha maiti, yasije yakatapakaa na watu wakayakanyaga. Alipokwisha kuzikwa, kishimo kikafukiwa, nami nikaingia eda. Ulikuwa wakati wa masika. Udongo ule uliotifuliwa ukabaki mwororo, ukajaa nyungunyungu, na kuku wake wakahamia pale, wakichakura na kudonoa kutwa. Nasema kuku wake kwa sababu mimi sikuwa na mapenzi nao. Yeye ndiye aliyewaita kila asubuhi na kuwamwagia pumba, akisema nao kama watu.

Alasiri moja nilikuwa juu ya mswala nikaisikia pumzi yake. Nilimuuguza kifua hata mwisho wake, kwa hiyo siwezi kuikosea. Ilivutwa kwa taabu, ikakwama, kisha ikatoka na mluzi mwembamba. Nikatoa salamu, nikageuka. Chumbani hamkuwa na mtu. Ikaja tena, kutoka dirishani, kutoka pale alipooshewa.

Wifi yangu, dada wa babu yako, aliyekuja kukaa nami eda, alikuwa amesimama mlangoni.

"Umesikia, wifi?"

"Nimesikia."

"Kaka yangu huyo. Hajapumzika."

Akafukiza ubani pale uani, akasoma alichojaaliwa. Mimi nikatoka nikatazama. Palikuwa na mtetea amesimama juu ya ule udongo, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, macho ameyafumba. Akatikisa kichwa kana kwamba ana kitu cha kutema, kisha akahema, na pumzi ilikuwa ileile. Nyuma yake mwingine akanyoosha shingo.

Mama yangu alinifundisha kumjua kuku kwa mkono, maana manyoya huficha mengi. Nikamkamata yule mtetea. Mfupa wa kidari ulikuwa mkali kama kisu, nyama imekwisha pande zote mbili; undu, kile kilemba cha kichwani, umepauka, na kinyesi kimeganda mkiani. Nikamrudia wifi.

"Nenda mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, ulete dawa ya minyoo."

"Ya minyoo? Nimnyweshe kaka yangu dawa ya minyoo?"

"Kaka yako alikuwa na haya. Asingehemea kwenye koo la kuku."

"Wewe una moyo mkavu. Nililisema hilo siku uliyoolewa."

"Ulilisema, na yeye akaniambia."

Hakwenda. Mimi nilikuwa edani, nisingeweza kutoka, na yeye alilijua hilo. Basi tukakaa na ile pumzi, alfajiri na magharibi, naye akaacha mlango wa uani wazi ili aisikie vizuri. Sitasema kwamba mimi nilikwenda kuufunga.

Yule mtetea akafa. Nikamlaza juu ya jiwe la kufulia, nikamwita wifi, nikampasua koo kwa kisu cha jikoni mbele yake. Ndani ya bomba la pumzi mlikuwa na minyoo wekundu, wembamba kama nyuzi, wameng'ang'ania kuta zake wawili wawili, kila jozi kama kijiti chenye panda. Nafasi ya hewa kupita haikuwapo.

Wifi akaketi chini, kanga mdomoni.

"Kumbe hawa ndio waliokuwa wakihema."

"Waliohema ni kuku. Hawa walikuwa wakiwanyonga."

Akasema kwa sauti ndogo, "Wakipona, hatutamsikia tena."

"Hatutamsikia."

Nilikuwa nimekwisha kulifikiri hilo kabla yake. Akavaa baibui, akapanda bajaji, akaleta dawa. Kuku tuliwanyima maji usiku, asubuhi tukawapa yale yenye dawa wakiwa na kiu, wanywe wote. Na mayai hatukula mpaka muda aliousema muuzaji ukapita. Tuliondoa takataka zote za bandani. Kile kishimo nilikimwagia chokaa na kukizungushia nyavu kuukuu, kuku wasichakure tena nyungunyungu wa pale, maana muuzaji alisema minyoo ile huwaingia kwa kula nyungunyungu. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe, wifi akanipa mgongo.

Pumzi zikapungua kwa kuku mmoja baada ya mwingine. Jogoo ndiye aliyebaki mwisho, naye asubuhi moja akawika kwa koo zima. Wifi alikuwa akipepeta mchele, akausimamisha ungo. Tukatega masikio upande wa uani. Hapakuwa na kitu, ila kuku wakitembea.

Akalia. Nikauchukua ungo mikononi mwake nikaendelea kupepeta, maana mchele usingejipepeta.