Kulwa Ndani ya Pamba

Pamba mbichi ina harufu yake: vumbi, jua, na mafuta ya mbegu kwa mbali. Kwetu Ngulyati, msimu ule, ilijaa chumba kizima ikisubiri soko lifunguliwe, nasi watoto tulilala juu yake. Pacha wangu Kulwa hakulala, alizama. Mtoto yule hakuwa na breki, jamani! Darasani alisimama, akazunguka, akachapwa, akasimama tena. Mwalimu mkuu alisema samaki mkunje angali mbichi, na fimbo haikupumzika. Majirani nao walimlaumu baba, aliyekataa tufanyiwe mila za mapacha eti kanisa haliruhusu. Mwishowe mwalimu akatamka kwamba likizo ikiisha, Kulwa asipoweza kuketi na kuandika jina lake, abaki nyumbani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama ndiye aliyegundua kwamba Kulwa akifukiwa pambani hadi shingoni, mwili wote unatulia. Basi kila alasiri alimfukia, akamwachia mkono mmoja nje, akamchorea herufi kiganjani kwa kidole. "Hii nini, mayu?" alimwuliza, maana kwetu hata binti mdogo huitwa mama. Kulwa alijibu huku akicheka. Kabla likizo haijaisha aliandika jina lake lote kwenye vumbi la sakafu, nikapiga vigelegele peke yangu.

Kisha soko likafunguliwa. Mama aliomba libakizwe rundo moja. Baba akasema pamba si dawa. Kulwa alilikimbiza lori lililobeba pamba yetu hadi barabarani akilia, baba akamrudisha begani. Shule ilipofunguliwa alipewa chaki. Aliandika herufi ya kwanza, mikono ikaanza kumcheza, akatoka mbio. Hawakumpokea tena. Kwa hofu ya magari, mama yule yule alianza kumfunga mguu kwa kamba ya ndama kwenye nguzo ya jikoni kila yeye na baba walipokwenda shamba. Nikitoka shule nilimsikia tangu njiani. Baadaye hakulia tena, na ukimya ule ndio ulionitisha. Mpaka leo unaniamsha. Kamba ilifunguliwa zamani, lakini Kulwa haendi mbali na nguzo ile.

Mwaka huu nilimpeleka mjukuu wangu Bariadi mjini, kwenye darasa la watoto wasiotulia na wanaochelewa kujifunza. Wana mabeseni ya mchele na mchanga ya kuchezesha mikono, wana bembea, wana blanketi zito. Walimfunika nalo mjukuu wangu, akatulia tuli. Nikaketi sakafuni kando yake. Mwalimu, binti mchangamfu, akanieleza kwamba mwili ukipata mguso unaoufaa, akili nayo hupata pa kukaa. Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba nyumbani yupo mwingine, hajawahi kusaidiwa.

"Mlete tu, mama, tutampokea," alisema. "Ana umri gani?"

"Tumezaliwa siku moja."

Alizitazama mvi zangu, akavitazama vile viti vidogo.